Tigran Petrosian: Mfagia barabara aliyeifanya sare kuwa silaha

Na Mwandishi Wetu

WASHABIKI wa michezo kwa kawaida hawaipendi sare. Mtu aliyekwenda uwanjani kuziangalia Simba na Yanga, kisha akarudi nyumbani bila kumwona mshindi, huhisi kwamba fedha yake ya kiingilio imepotea bure. Hata hivyo, katika mchezo wa sataranji, ambao vijana wengi mitaani huuita chesi, yupo bingwa mmoja wa dunia ambaye jina lake halitajwi bila ya neno hilo sare kutajwa pamoja nalo. Mchezo wake mmoja, uliomalizika bila mshindi nchini Uswisi mwaka 1953, ungali unafundishwa kwa wanaojifunza sataranji mahali pengi duniani.

Bingwa huyo ni Tigran Petrosian, Muarmenia aliyelishika taji la dunia kuanzia mwaka 1963 hadi 1969 na aliyefariki dunia mwaka 1984. Wapo waliomwita mwoga. Wapo pia waliomwita Tigran wa Chuma, kwa kuwa kumshinda ilikuwa kazi ya kuvunja mwamba kwa mikono. Makundi yote mawili yalikuwa yakimtazama mtu yuleyule, akiufanya mchezo uleule.

Petrosian alizaliwa Juni 17, 1929 katika mji wa Tiflis, ambao sasa unaitwa Tbilisi, mji mkuu wa Georgia. Wazazi wake walikuwa Waarmenia. Baba yake alikuwa mtunzaji wa jengo la maofisa wa jeshi, na familia haikuwa na uwezo mkubwa. Mtoto alijifunza sataranji akiwa na umri wa miaka minane, na baadaye akapata mwalimu wa maana, Archil Ebralidze, katika kituo cha vijana cha mjini humo. Ebralidze hakupenda mchezo wa mbwembwe na mashambulizi ya kubahatisha. Aliwataka vijana wake wajenge kwanza, washambulie baadaye, na ikibidi wasishambulie kabisa.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimwacha yatima. Mama yake na baba yake walifariki katika kipindi hicho cha dhiki, naye akiwa bado kijana mdogo akalazimika kuishika kazi ya baba yake ili familia isipoteze makazi. Kazi yenyewe ilikuwa ni pamoja na kufagia barabara. Alifagia alfajiri, kabla ya watu kuamka, kwani aliona haya kuonekana na ufagio mkononi. Majira ya baridi katika nchi hizo si ya mzaha, na ni katika miaka hiyo ndipo masikio yake yalipopata athari iliyomfuata maisha yake yote. Utuuzima wake aliupitisha akiwa amevaa kifaa cha kumsaidia kusikia.

Ni katika dhiki hiyo, wakati chakula kilikuwa kikigawiwa kwa mgawo, ndipo inaposimuliwa kwamba kijana huyo alitumia sehemu ya mgawo wake kujipatia kitabu. Kilikuwa kitabu cha Aron Nimzowitsch, mchezaji mzaliwa wa Riga aliyefariki mwaka 1935 mjini Copenhagen, ambamo mwandishi alichambua michezo yake mwenyewe na kueleza kwa nini aliicheza vile alivyoicheza. Msomaji anayejua njaa ni nini atapima mwenyewe uzito wa biashara hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba kitabu hicho ndicho kilichoyaamua maisha yake, na athari yake ilionekana waziwazi katika ule mchezo wa Uswisi.

Nimzowitsch alikuwa mtu wa kwenda kinyume na wenzake. Kabla yake, walimu wengi walishikilia kwamba mchezaji lazima auteke uwanja wa katikati wa ubao kwa askari wake, yaani zile kete ndogo zinazosimama mstari wa mbele. Yeye alisema hapana, katikati panaweza kutawaliwa kutoka mbali, kwa macho ya maaskofu na farasi, bila ya kuweka askari hapo. Akaongeza jambo jingine: askari wa adui wanaosonga mbele wasikimbiwe wala wasipigwe kwa pupa, bali wawekewe kizuizi. Na kizuizi kilicho bora kuliko vyote ni farasi aliyesimama mbele yao, mahali ambapo hakuna askari wa adui anayeweza kumfukuza.

Kutokana na mawazo hayo ulizaliwa ufunguzi unaobeba jina lake, Ulinzi wa Nimzo-India. Ufunguzi, kwa wasioujua mchezo huu, ni zile hatua za mwanzo ambazo wachezaji huzipanga kete zao kabla ya mapambano yenyewe, na nyingi zimekwisha kuandikwa vitabuni na kupewa majina. Katika huu, mweupe anasukuma askari wawili upande wa malkia na kumtoa farasi. Mweusi naye anamtoa farasi wake, anamfungulia askofu njia, kisha anampeleka askofu huyo hadi upande wa pili wa ubao kumbana yule farasi mweupe, ambaye hawezi tena kusogea kwa sababu akisogea mfalme wake atabaki wazi. Mara nyingi mweusi humtoa askofu huyo na kumchukua farasi, na askari wa mweupe hubaki wamepandana katika safu moja. Neno India katika jina hilo linatokana na wachezaji wa Kihindi wa karne ya 19 waliopenda kuanza mchezo taratibu, bila ya kugongana mapema katikati.

Vita ilipokwisha, Petrosian alipanda ngazi haraka. Mwaka 1946 alihamia Yerevan, mji mkuu wa Armenia, na mwaka 1949 akaenda Moscow, ambako ndiko kulikokuwa na mashindano makubwa na walimu wakubwa. Mwaka 1951 alishika nafasi ya pili kwa pamoja na Yefim Geller katika ubingwa wa Muungano wa Kisovieti, na mwaka 1952 mjini Stockholm alijipatia cheo cha juu kabisa cha mchezo huu pamoja na tiketi ya mashindano ya wagombea, yale ambayo mshindi wake hupata haki ya kumkabili bingwa wa dunia. Mwaka huohuo alimwoa Rona, mwanamke mwerevu aliyejua Kiingereza vizuri, ambaye alikuja kuwa mshauri wake, mkalimani wake, na kwa kauli ya wengi, mtu aliyemtia hamu ya ushindi ambayo yeye mwenyewe alizaliwa nayo kidogo.

Mashindano hayo ya wagombea yalifanyika Uswisi kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba 1953. Yalianzia Neuhausen, karibu na maporomoko ya mto Rhein, kisha yakahamia Zurich. Wachezaji walikuwa 15, na kila mmoja alikutana na mwenzake mara mbili, hivyo kila mtu alikuwa na michezo 28. Petrosian alikuwa na miaka 24, mdogo kwa umri na kwa sifa mbele ya wakubwa kama Vasily Smyslov, Paul Keres na David Bronstein.

Katika siku za mwanzo za mashindano alikutana na Samuel Reshevsky wa Marekani. Huyu hakuwa mtu wa kubezwa. Alizaliwa Poland mwaka 1911, na alipokuwa bado mtoto alizungushwa miji ya Ulaya akicheza na watu wazima wengi kwa wakati mmoja na kuwashinda. Ukubwani alikuwa mhasibu, Myahudi mshika dini asiyecheza siku ya Sabato, na mpambanaji ambaye Wasovieti walimwogopa kuliko mtu mwingine yeyote kutoka nchi za Magharibi.

Reshevsky alishika kete nyeupe. Petrosian, mwenye nyeusi, akachagua Ulinzi wa Nimzo-India. Mwanafunzi akaingia vitani na silaha ya mwalimu ambaye hakupata kuonana naye.

Hadi hatua ya 25 mambo hayakuwa mazuri kwa kijana. Mweupe alikuwa na askari wawili imara katikati, bega kwa bega, na nyuma yao ngome mbili zilizopangwa katika safu moja tayari kuwasukuma. Askofu wake mmoja alikuwa akimulika ubao kutoka upande wa mfalme. Mweusi alikuwa amebanwa. Farasi wake alitamani kufika mraba wa d5, katikati kabisa ya ubao, ambako angewazuia wale askari wawili wasisogee tena. Lakini njia ya kufika huko ilipitia mraba wa e7, na mraba huo ulikuwa umekaliwa na ngome yake mwenyewe. Akisubiri, askari weupe watasonga na kumponda. Akisogeza ngome kando, hatapata muda wa kutosha.

Hapo ndipo Petrosian alipoichukua ngome yake na kuisogeza hatua moja tu mbele, hadi e6, mahali ambapo askofu wa Reshevsky angeweza kuichukua bila taabu yoyote.

Inafaa kueleza hesabu kidogo, maana bila ya hesabu hiyo hatua ile haionekani uzito wake. Mtoto anayefundishwa sataranji huambiwa siku ya kwanza kwamba askari ana thamani ya alama 1, farasi na askofu alama 3 kila mmoja, ngome alama 5 na malkia 9. Kutoa ngome na kupokea askofu ni hasara ya alama mbili. Wachezaji wengi kabla ya hapo walikwisha kutoa ngome kwa namna hiyo, lakini walifanya hivyo ili wamshambulie mfalme wa adui na kumaliza kazi palepale. Petrosian hakuwa na shambulio lolote. Hakuna mfalme aliyetishwa, hakuna kete iliyorudishwa mara moja. Aliitoa ngome kwa utulivu, kama mtu anayehamisha kiti ili wageni wapite.

Na kweli alikuwa akihamisha kiti. Ngome ilipoondoka e7, farasi alipata njia. Reshevsky, ambaye hakuwa na papara, alisogeza kwanza askari wa pembeni, kisha akaichukua ngome. Askari mweusi aliyeichukua kete hiyo ya mweupe akawa sasa amesimama mahali pa kumlinda farasi, na hatua moja baadaye farasi akatua d5. Kuanzia hapo askari weupe wawili, wale waliokuwa tishio la mchezo mzima, waligeuka kuwa ukuta uliozifungia kete zao wenyewe. Askofu wa Reshevsky aliyebaki nyuma yao hakuwa na pa kutazama. Ngome zake mbili, zenye thamani kubwa vitabuni, hazikuwa na safu hata moja iliyo wazi. Ngome ni kama lori: bila barabara, ukubwa wake hausaidii kitu.

Hatua moja baada ya farasi kutua, askofu mweusi naye akajikita d3, ndani ya eneo la adui, akilindwa na askari. Reshevsky aliitazama hali hiyo na kuona kwamba hana budi kulipa. Katika hatua ya 30 alitoa ngome yake kwa askofu huyo na kupata askari mmoja juu yake. Hasara ya Petrosian ikawa imerudi karibu yote. Baada ya hapo kila upande ulikuwa na askari mmoja anayekimbilia mwisho wa ubao apate kugeuka malkia. Wa Petrosian alibakiza hatua moja tu, wa Reshevsky hatua mbili. Wote wawili walikuwa wamezuiwa. Katika hatua ya 41 wakakubaliana sare.

Kwenye jedwali la matokeo iliandikwa nusu alama kwa kila mmoja, kama sare nyingine yoyote ya mashindano yale. Smyslov ndiye aliyeibuka mshindi kwa alama 18. Bronstein, Keres na Reshevsky walifuata kwa alama 16 kila mmoja, na Petrosian akawa wa tano kwa alama 15, akiwa ameshinda michezo sita, amepoteza minne na kwenda sare mara 18. Bronstein baadaye aliandika kitabu kilichochambua michezo yote 210 ya mashindano hayo, kitabu ambacho wajuzi wengi wanakihesabu miongoni mwa vitabu bora kabisa vya sataranji, na kupitia humo hatua ile ya ngome ilienea ulimwenguni. Leo wachezaji hutoa ngome kwa askofu au farasi kwa ajili ya nafasi tu, bila ya kutafuta shambulio la haraka, na jambo hilo halimshangazi mtu.

Lakini sare haikumletea Petrosian heshima tu. Katika ubingwa wa Muungano wa Kisovieti wa mwaka 1955 alicheza michezo 19 bila kupoteza hata mmoja, ila alishinda minne pekee na 15 ikaenda sare. Magazeti yalimkemea. Watazamaji walilalamika kwamba mtu mwenye kipaji cha namna ile, anayeona hatari kabla haijazaliwa, anakubali amani na wachezaji anaoweza kuwameza. Lawama hizo, kwa maoni ya mwandishi huyu, hazikuwa za uongo. Kuna sare inayopatikana baada ya mtu kumwaga jasho lote alilonalo, na kuna sare ya watu wawili wanaotaka kwenda kula chakula cha mchana mapema. Petrosian alizicheza zote mbili.

Aliweza pia kujikwaa kama binadamu yeyote. Mwaka 1956 mjini Amsterdam, katika mashindano mengine ya wagombea, alikuwa amemkaba Bronstein kiasi kwamba mwenzake alibaki akisogeza farasi huku na huko bila la kufanya. Petrosian akasahau kwamba malkia wake ametishwa na farasi, akasogeza kete nyingine, malkia akachukuliwa, naye akasalimu amri papo hapo.

Doa kubwa zaidi lilikuja mwaka 1962 katika kisiwa cha Curacao, kwenye bahari ya Karibi. Wagombea wanane walipangiwa michezo 28 kila mmoja, katika joto kali kwa karibu miezi miwili. Petrosian, Keres na Geller walikutana wao kwa wao mara 12, na mara zote 12 wakatoka sare, nyingi zikiwa fupi mno. Kwa njia hiyo walihifadhi nguvu zao kwa ajili ya wengine. Petrosian aliibuka wa kwanza kwa alama 17 na nusu, bila kupoteza mchezo hata mmoja, nusu alama tu mbele ya wenzake hao wawili. Bobby Fischer wa Marekani, kijana wa miaka 19 aliyemaliza wa nne, aliwashutumu hadharani Wasovieti kwamba wamekula njama. Shirikisho la dunia la mchezo huo lilibadili utaratibu, na kuanzia hapo wagombea wakawa wanakutana wawili wawili kwa mtoano. Ni vigumu kuamini kwamba sare 12 zilijitokeza zenyewe tu.

Haki ya kumkabili bingwa, hata hivyo, ilikuwa yake. Mwezi Machi 1963 mjini Moscow alikaa mbele ya Mikhail Botvinnik, mhandisi mkali aliyelishika taji, kwa kulipoteza na kulirudisha, tangu mwaka 1948. Petrosian alipoteza mchezo wa kwanza. Mji wa Yerevan, ambako watu walikusanyika uwanjani mbele ya mbao kubwa zilizoonyesha kila hatua iliyochezwa Moscow, ulishikwa na baridi. Kisha taratibu, mchezo baada ya mchezo, kizuizi kikaanza kufanya kazi. Botvinnik alikuwa na umri wa miaka 51 na hakupata pa kupenya. Michezo 22 ilipokwisha Mei, Petrosian alikuwa ameshinda mitano, amepoteza miwili na kwenda sare 15. Yule mfagia barabara wa Tiflis akawa bingwa wa tisa wa dunia.

Mwaka 1966 alimkabili Boris Spassky, kijana mwenye mchezo wa aina zote. Katika mchezo wa 10 Petrosian alitoa ngome zake kwa kete ndogo mara mbili, kisha akamalizia kwa kumtoa malkia wake mwenyewe ili farasi amtishe mfalme na malkia wa Spassky kwa pamoja. Waliozoea kumwita mwoga hawakuwa na la kusema siku hiyo. Alishinda kwa alama 12 na nusu dhidi ya 11 na nusu, na kuwa bingwa wa kwanza kumshinda mpinzani wake na kubaki na taji tangu Alexander Alekhine alipofanya hivyo mwaka 1934. Miaka mitatu baadaye Spassky alirudi akiwa amejifunza, na safari hiyo taji likaondoka.

Ule udhaifu wa masikio alioupata utotoni alikwisha kuugeuza msaada. Mwaka 1971 mjini Seville alicheza na Mjerumani Robert Huebner katika ukumbi uliosumbuliwa na kelele kutoka nje. Petrosian alizima kifaa chake cha kusikia na kuendelea na mambo yake katika ukimya. Huebner hakuwa na kifaa cha kuzima. Baada ya sare sita alipoteza mchezo wa saba, akajitoa na kuondoka akilalamikia kelele hizo.

Mwishoni mwa mwaka huo alikutana na Fischer mjini Buenos Aires. Mmarekani alikuwa ametoka kuwashinda wakubwa wawili, Mark Taimanov na Bent Larsen, kwa 6-0 kila mmoja, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika ngazi hiyo. Petrosian alipoteza mchezo wa kwanza, akashinda wa pili na kuukata mlolongo wa ushindi takriban 20 mfululizo, kisha zikafuata sare tatu. Kwa siku kadhaa dunia ilidhani kwamba Tigran wa Chuma amepata dawa. Hakuwa ameipata. Fischer alishinda michezo minne iliyofuata, na mwaka uliofuata akalichukua taji kutoka kwa Spassky.

Takwimu inayomweleza Petrosian kuliko zote inatoka katika mashindano ya timu za mataifa, Olimpiadi ya sataranji. Alishiriki mara 10, kuanzia mwaka 1958 hadi 1978, akacheza michezo 129. Alishinda 78, akatoka sare 50 na kupoteza mmoja tu, mwaka 1972 mjini Skopje, baada ya kuishiwa na muda kwenye saa. Aliyemshinda alikuwa ni yuleyule Huebner wa Seville.

Nje ya ubao alikuwa mtu wa utani, mpenzi mkubwa wa kandanda na shabiki wa klabu ya Spartak ya Moscow. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Yerevan kilimtunuku shahada kwa utafiti wake kuhusu mantiki katika sataranji, na mwaka huohuo akawa mhariri wa jarida la sataranji liitwalo 64, idadi ya miraba ya ubao. Kiti hicho alinyang'anywa mwaka 1977, mwaka alioshindwa na Viktor Korchnoi, mchezaji aliyekuwa ameikimbia nchi na ambaye wakati huo hawakuwa wakisalimiana. Kushindwa na msaliti, kwa watawala wa Moscow, halikuwa jambo la michezo.

Alizidi kuheshimiwa na vijana. Mwaka 1981, akiwa amekwisha kupita miaka 50, alimfunga mara mbili Garry Kasparov, ambaye miaka minne baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Mjini Tilburg Kasparov alishambulia kwa kila alichokuwa nacho, na mzee akamwacha mfalme wake atembee katikati ya moto hadi mshambuliaji akaishiwa risasi. Kasparov naye alikuwa akitumia mara kwa mara ufunguzi mmoja unaobeba jina la Petrosian, ambamo mweupe anasukuma askari mdogo wa pembeni hatua moja tu, ili kumzuia askofu mweusi asije kumbana farasi. Kwa maneno mengine, ni hatua ya kuuzuia usizaliwe ule Ulinzi wa Nimzo-India ambao mwenyewe aliujua kwa ndani.

Saratani ya tumbo ilimwondoa mjini Moscow Agosti 13, 1984, akiwa na umri wa miaka 55. Alizikwa katika makaburi ya Waarmenia mjini humo. Mwaka huohuo nyumba ya sataranji ya Yerevan, iliyofunguliwa mwaka 1970, ilipewa jina lake. Mwezi mmoja baada ya kifo chake alizaliwa Yerevan mtoto ambaye si ndugu yake ila ukoo wao ni wa jina moja, na wazazi wakamwita Tigran. Tigran Petrosian huyo wa pili alikuwa katika timu ya Armenia iliyotwaa Olimpiadi mwaka 2008 na 2012. Tangu mwaka 2011 sataranji ni somo la lazima kwa watoto wa shule za msingi nchini humo, na mwaka 2018 benki kuu ya Armenia ilitoa noti ya dram 2,000 yenye sura ya yule wa kwanza.